Jambia la Saidi la pete saba lililotangazwa wiki hii: tulikague kabla watu hawajalipa arubuni

Mwambao72 (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wengi mmeshaliona tangazo linalozunguka kwenye makundi ya watu wa Muscat, Unguja na Mombasa. Karakana moja ya fedha inatoa jambia (kisu cha Oman kilichopinda, pia huitwa khanjari) la toleo maalumu, vipande 50, kila kimoja na namba yake. Maelezo waliyotoa: aina ya Saidi, pete 7, fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000), bapa la "chuma cha Damascus" la sentimita 16, mpini wa "pembe ya asili" uliovikwa fedha, ala ya ngozi iliyotariziwa zari, pamoja na mkanda. Picha ziko sita. Arubuni ni nusu ya bei.

Naanza na umbo. Jina la Saidi linatokana na ukoo wa Al Said, watawala wa Oman, na linatambulikana kwa mambo mawili: pete saba kwenye ala, wakati jambia la kawaida la Oman lina nne, na mpini usiokuwa na kichwa bapa cha kawaida bali uliochongwa kwa mikunjo na kufunikwa kazi ya fedha. Masimulizi yanamtaja mke wa Seyyid Said bin Sultan, binti wa kifalme wa Kiajemi, kuwa ndiye aliyeubuni mpini huo. Kwa umbo wamepatia. Kifua cha ala hakikuzidi upana, mkunjo wa ncha umekaa sawa, na pete zimepangwa kwa nafasi zinazolingana.

Kinachonisumbua ni kwamba picha zote sita ni za mbele. Mgongo wa ala hauonekani. Bapa limetolewa nusu tu. Pale bapa linapoingia kwenye mpini pamefichwa na kivuli katika kila picha. Na walio wageni wasipime urefu wa bapa kwa kuangalia ala: ala ya Oman hupinda kuliko bapa lenyewe, na ile sehemu ya mwisho iliyogeuka juu ni tupu ndani.

Wajuzi wa fedha, chuma na tarizi, karibuni.

MfuaFedha

Mkuu, nimekuza picha ya pili hadi ilipoanza kuvunjika. Nitawapa kwanza sifa wanayostahili: nakshi za kifua cha ala zimechongwa kwa mkono. Majani ya kushoto na ya kulia yanafanana kama ndugu, si kama mtu na kioo chake. Kila mkato unaanza mwembamba, unatanuka katikati, unamalizika kwa ncha, na chini yake panang'aa. Bati lililogandamizwa kwa mashine kingo zake ni za mviringo, kama sabuni iliyotumika, na pande mbili hulingana nukta kwa nukta.

Tatizo liko kwenye mpini. Tangazo linasema "kazi ya waya". Tazameni safu ya maua madogo inayozunguka kichwa cha mpini kwenye picha ya nne. Ua la tatu kutoka kushoto lina kipele kwenye jani la chini. Ua la sita lina kipele hicho hicho, jani lile lile, upande ule ule. La tisa pia. Mkono haukosei mara tatu kwa namna moja. Hicho ni kipele cha kwenye kalibu, maana yake maua hayo yamemiminwa, hayakusokotwa.

Waya wenyewe hufanywa hivi. Fedha safi ya 999, kwa kuwa ni laini kuliko 925, huvutwa kwenye chamburo (bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo) tundu baada ya tundu hadi ifikie kama milimita 0.3. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, kisha hupitishwa kwenye rola ili zilale. Ukizitazama kwa ubavu utaona meno madogo mfululizo, kama ukingo wa sarafu. Hukunjwa kuwa vizingo na kupangwa ndani ya fremu ya waya mnene wa milimita moja hivi. Unga wa lehemu uliochanganywa na boraksi hunyunyiziwa juu, moto hupita, unga unayeyuka na kushika. Kosa la fundi asiye na subira ni kuzidisha unga: lehemu inajaa katikati ya meno na waya unageuka kuwa uzi laini. Ukiona kazi ya waya isiyo na meno, ama imefurika lehemu ama imemiminwa.

Jambo la pili ni pete. Kwenye picha ya tano, pete mbili za kulia zina mstari wa wazi pale ncha zinapokutana. Pete ya kubeba mkanda lazima ifungwe kwa lehemu ngumu, isibanwe tu kwa koleo. Mpangilio unajulikana: unaanza na lehemu ngumu inayoyeyuka kwenye joto la juu, unafuata ya kati, unamaliza na laini, ili kiungo cha kwanza kisifunguke unapochoma cha mwisho. Fundi aliyemaliza kifua kwa lehemu laini anaogopa kurudisha moto karibu, basi pete anazibana tu. Mkanda ukivutwa miaka miwili, mwanya unafunguka.

Tatu, kivuli cha zambarau-kijivu kwenye bamba la chini, karibu na kofia ya ncha. Hilo ni doa la moto. Fedha ya 925 ina shaba, na ikichomwa bila kupakwa boraksi vizuri shaba huungua chini ya uso. Kusugua kwa kitambaa hakuliondoi. Linataka msasa kisha kung'arisha upya, na hapo nakshi inapungua kina.

Kikuku

MfuaFedha, kumimina ni dosari ya kuliangusha jambia, au ni njia nyingine tu? Na hiyo 925 ni bora au duni kuliko fedha ya majambia ya zamani?

MfuaFedha

Kumimina si dhambi. Kuita kumimina "kazi ya waya" na kumtoza mnunuzi bei yake ndiko tatizo. Kumimina kunaokoa siku nyingi za kazi, na mnunuzi ana haki ya kuuona wepesi huo kwenye bei. Ipo na athari ya matumizi: sehemu iliyomiminwa ni nzito na huwa na vitundu vya hewa. Ikianguka hupasuka, wakati waya ungepinda na kunyooshwa.

Kuhusu ubora wa fedha, sehemu kubwa ya fedha ya zamani ilitokana na reale za Maria Theresa (sarafu za fedha za Austria) zilizoyeyushwa, zile zenye mwaka 1780. Reale moja ni gramu 28.07 za fedha ya 833. Kwa hiyo 925 ni safi kuliko nyingi za zamani, na jambia la zamani likipimwa likatoa 830 na kitu si la kughushi. Muulizeni muuzaji uzito wa fedha peke yake, kwa gramu, bila mbao, bapa wala mkanda. Uzito wa jumla haukwambii chochote.

Mhunzi_Tupa

Nichukue bapa.

"Chuma cha Damascus" siku hizi kinamaanisha tabaka za vyuma viwili zilizofuliwa pamoja, mara nyingi 1084 na 15N20. Ya kwanza ina kaboni kama asilimia 0.8 na huwa nyeusi ikiingia kwenye tindikali. Ya pili ina nikeli kama asilimia 2 na hubaki nyeupe. Huko ndiko michirizi inakotoka. Lakini kuna mapambo ya leza au ya kuchapwa kwa tindikali juu ya chuma cha kawaida, na kwenye simu vyote vinafanana.

Jambia linatusaidia kwa sababu lina uti katikati ya bapa, kutoka kwenye noleo (pete ya chuma pale bapa linapoingia kwenye mpini) hadi kwenye ncha. Fundi anapouchonga uti huo anakata tabaka kwa mshazari. Kwenye mteremko mkali mistari husongamana. Kwenye mteremko mpole hutanuka, kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya mlima. Michirizi ya kweli lazima ibadilike inapokutana na uti. Kwenye picha ya tatu michirizi inapanda uti na kushuka upande wa pili bila kubadilika upana hata kidogo, kana kwamba uti haupo. Hiyo imenitia shaka kubwa. Siwezi kuhukumu kwa picha moja yenye mng'ao, kwa hiyo waombeni picha mbili. Moja itazame makali kwa ubavu, kwa karibu, kuona kama mistari inaendelea hadi kwenye ukingo. Nyingine iwe ya msuka, yaani mkia wa bapa, kabla haujaingizwa kwenye mpini.

Kama karakana ina uhakika, iko njia rahisi zaidi: wasugue kwa msasa eneo la ukubwa wa ukucha kwenye msuka, walipake kloridi ya chuma iliyozimuliwa, wasubiri dakika chache. Tabaka za kweli zitarudi zenyewe. Pambo la leza halirudi. Mnunuzi asijaribu hili nyumbani kwenye bapa lililokamilika.

Kisha ugumu. Tangazo halikutaja kabisa kama bapa limetiwa moto. 1084 hupashwa hadi nyuzi 815 hivi za Selsiasi, huzimwa kwenye mafuta ya uvuguvugu, kisha hurudishiwa joto la nyuzi 200 mara mbili, saa mbili kila mara. Likifanywa vizuri linafika 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell C. Bapa lililopinda na lenye makali pande mbili linapenda kujinyonga likizimwa, na ndiyo maana karakana nyingi hulikwepa jambo hili na kuuza chuma laini. Mkilipata mkononi, lielekezeni kwenye dirisha na kutazama juu ya uti kutoka kwenye noleo hadi kwenye ncha. Uti unapaswa kupinda upande mmoja tu, ule wa umbo lake. Ukiyumba kushoto au kulia, limejinyonga na halikunyooshwa.

PembeTatu

Wakuu, kwa heshima zote, mbona tunalipima jambia kama kisu cha buchani? Hili ni vazi. Linavaliwa kwenye harusi, Iddi na shughuli rasmi, halichomolewi. UNESCO ilipoiingiza khanjari ya Oman kwenye orodha yake mwaka 2022 iliandika ufundi pamoja na mila za kuvaa. Mimi naona fedha na ala ndizo za kuhukumiwa, bapa liwe safi tu na likae vizuri.

Mhunzi_Tupa

PembeTatu, ungekuwa umenisimamisha kama tangazo lingesema "bapa la chuma cha kawaida, la pambo". Mtu akinunua kwa ajili ya kuvaa, hiyo inamtosha na mimi nitamuunga mkono. Ila hawa wameandika Damascus, wakaandika toleo la kukusanya, wakaweka namba. Anayekusanya ananunua kitu kizima, pamoja na kile kilichofichwa ndani ya ala. Atakayelipokea baada yake atalichomoa.

Bi_Zari

Naomba nisemee ala, kwa sababu watu hupita juu yake haraka.

Ndani ya ala kuna vipande viwili vya mbao vilivyochongwa na kubandikwa, ngozi juu yake, na tarizi juu ya ngozi. Zari ya kweli ni utepe mwembamba wa fedha uliozungushwa kwenye uzi wa hariri au pamba. Zari ya kisasa ya bei nafuu ni plastiki yenye rangi ya fedha. Ukikuza picha, zari ya kweli inaonyesha mizunguko ya utepe, na pale uzi unapopinda utepe hufunguka kidogo ukaona rangi ya uzi wa ndani. Ya plastiki hupinda bila kufunguka na mng'ao wake ni mmoja kote. Kwenye picha ya sita, penye kona ya juu kushoto, mizunguko inaonekana na uzi wa njano umechungulia. Kwa hiyo zari naipa alama zote.

Mshono wenyewe ni mzuri pia. Matundu ya sindano kwenye ngozi yako mbali vya kutosha. Mtu akiyasogeza sana ngozi inakuwa kama stempu na kuchanika kwenye mstari. Upande wa ndani wa mkunjo wamepunguza mistari ya tarizi ili isirundikane. Aliyeshona anaijua kazi.

Ninachotaka kukiona ni mgongo wa ala. Huko ndiko ngozi inakokutana na kushonwa. Mshono ukiwa umefunikwa gundi badala ya uzi, utafunguka kwa unyevu wa pwani yetu. Na jambo moja la kujaribu likifika: ligeuzeni jambia kichwa chini, mpini uelekee sakafuni, juu ya godoro. Bapa lisitoke. Likitoka, mdomo wa ala umelegea. Likibaki lakini mkisikia mkwaruzo mnapolichomoa, ala inashika makali badala ya kushika ubapa karibu na noleo, na kila mchomo utayala makali na mbao pamoja.

Nyika

Hakuna aliyegusa "pembe ya asili". Pembe ya mnyama gani? Neno hilo halitoshi, na ndilo linaloweza kumfanya mtu apoteze jambia uwanja wa ndege.

Historia inajulikana. Pembe ya kifaru ndiyo iliyopendwa zaidi kwa mipini ya majambia, Yemen hasa. Faru weusi walikuwa kama 65,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa chini ya 2,500. Faru mweusi yuko tangu 1977 kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ndovu wa Afrika naye aliwekwa humo kwa uamuzi wa 1989. Kipande kipya chenye kimojawapo hakina njia halali ya kuvuka mpaka kwa biashara.

Namna ya kutofautisha kwa macho: pembe ya kifaru haina mfupa ndani, ni nyuzinyuzi zilizoshikana. Ikikatwa mkingamo unaona nukta nyingi, kwa urefu unaona mistari kama nywele, na ikipitishiwa taa huwa na rangi ya asali. Pembe ya nyati au ng'ombe ni ganda la tabaka, kama kitunguu. Plastiki ina viputo na mstari wa kalibu. Msichome sindano ya moto. Inaharibu mpini, na harufu ya nywele zilizoungua itatoka kwenye pembe ya ng'ombe sawa na ya kifaru.

Kama kweli ni nyati maji wa kufugwa, hayumo kwenye orodha hizo. Waandike hivyo kwenye risiti. Hata mpingo wetu ungewafaa sana: mzito hadi unazama majini, unashika misumari midogo ya fedha bila kupasuka. Mpingo uko Kiambatisho cha Pili, lakini bidhaa iliyokamilika iliyo chini ya kilo 10 kwa mzigo imeachwa nje ya masharti ya kibali.

Mwambao72

Wakuu, nimewaandikia karakana nikitaja hoja zenu moja moja. Wamejibu kwa adabu na kutuma picha tatu. Majibu yao:

Mpini ni pembe ya nyati maji, na wamekubali kuandika kwenye risiti. Maua ya kichwa cha mpini yamemiminwa. Waya wa kusokotwa upo kwenye shingo ya mpini tu, na watarekebisha tangazo. Pete zote saba zitafungwa kwa lehemu, wanasema kilichopigwa picha ni kipande cha mfano. Bapa wanalinunua tayari kutoka nje, na hawana picha ya msuka.

Mgongo wa ala umeshonwa kwa uzi, mishono ya karibu-karibu, bila gundi inayoonekana. Kwenye picha ya noleo kuna mwanya upande mmoja, na ndani yake kitu cheusi kama lami.

MfuaFedha

Basi hoja yangu kubwa imejibiwa. Warekebishe bei ya mpini nami nitaridhika. Hicho cheusi ni ulimbo au lakiri, na si kosa. Msuka wa jambia ni mfupi, na kwa desturi hukaa ndani ya mpini kwa ulimbo uliomiminwa ukiwa moto. Uzuri wake ni kwamba ukipashwa taratibu unalegea na mpini unaweza kutengenezwa, wakati gundi ya epoksi ukitaka kuitoa unavunja pembe. Ubaya ni joto. Jambia likiachwa ndani ya gari lililofungwa, Muscat mwezi wa Juni, ulimbo unalainika na bapa linaegemea upande mmoja. Likipoa linabaki limepinda hivyo. Mwanya wa upande mmoja mnaouona ni dalili kwamba bapa liliegemea kabla ulimbo haujaganda. Warudie kipande hicho, na wapitishe msumari mwembamba wa fedha kwenye mpini na msuka.

Mhunzi_Tupa

Bila picha ya msuka mimi silihesabu bapa hilo kuwa la tabaka. Wakiandika "bapa lenye pambo" na kushusha bei, sina tatizo nalo. Wakisisitiza Damascus, wafanye jaribio la kloridi kwenye bapa moja kati ya hayo yaliyonunuliwa, mbele ya kamera. Kazi ya nusu saa.

Kikuku

Kwa atakayelinunua hata hivyo, alitunzeje? Huku Mombasa chumvi inakula kila kitu.

Bi_Zari

Usilihifadhi bapa ndani ya ala, ndugu yangu. Ngozi ina asidi ya kudabaghia na inavuta unyevu, na kutu huanzia kwenye uti. Itengenezee ala tupu kipande cha mbao laini chenye umbo la bapa ili mdomo wake usijikunje. Bapa lipake nta nyembamba na ulifunge kwenye kitambaa cha pamba kilichooshwa bila sabuni ya harufu. Usitumie mpira, gazeti wala sufu karibu na fedha, salfa yake inaifanya nyeusi. Zari usiisugue kwa dawa ya fedha hata siku moja, kwa sababu dawa inapenya hadi kwenye uzi na kuuozesha. Brashi laini kavu inatosha. Na weusi ulio ndani ya mikato ya nakshi uache ulivyo, ndio unaofanya maua yaonekane.

Mwambao72

Ahsanteni. Nimewatumia masharti manne kwa maandishi: bapa lijaribiwe kwa kloridi au libadilishwe jina, pete zifungwe kwa lehemu na zipigwe picha kwa nyuma, mpini urudiwe na kutiwa msumari, uzito wa fedha uandikwe kwa gramu pamoja na jina la mnyama wa pembe kwenye risiti. Wakijibu nitaweka hapa picha zote zikiwa na ukubwa wake kamili. Hadi hapo, arubuni yangu sijatoa.